Mchapaji, Mchapishaji na Mwenye Mizani: Kitabu-pepe na Hatima ya Uchapishaji wa Kiswahili, kwa Kuitazama Mitunguu

1. Utangulizi

Imekuwa ada siku hizi, kila inapojadiliwa hali ya vitabu nchini Kenya, kusikia kwamba vyombo vya kielektroni vya kusomea vitauondoa uchapishaji wa karatasi, na kwamba kuondoka huko kutakuwa ni heri kwa msomaji wa Kiafrika. Hoja yenyewe ni nyepesi kueleweka. Karatasi ni ghali, barabara ni ndefu, maduka ya vitabu ni machache. Chombo kimoja kinachotosha kiganjani huweza kubeba vitabu elfu na zaidi. Basi tatizo limekwisha.

Makala haya hayakusudii kuikanusha teknolojia hiyo, wala kuililia karatasi. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba hoja hiyo imeukosea ugonjwa. Inachukulia kwamba udhaifu wa uchapishaji wa Kiswahili unatokana na umbo la kitabu, hali udhaifu huo unatokana na mahusiano yaliyopo baina ya mwandishi, mchapishaji, mnunuzi na msomaji. Mahusiano hayo yasipobadilika, chombo kipya kitayarithi yalivyo.

Ili mjadala usielee hewani tutautazama kutoka mahali pamoja: Mitunguu, katika Imenti Kusini, Meru, mji mdogo wa soko ulioko upande wa chini wa Nkubu na unaojulikana kwa ndizi na kwa kilimo cha kumwagilia maji. Hatukuuchagua kwa sababu una maajabu ya vitabu, bali kwa sababu hauna. Miji ya namna yake ni mingi, na hatima ya kitabu cha Kiswahili itaamuliwa humo zaidi kuliko katika kumbi za mikutano za Nairobi.

2. Maneno mawili yanayochanganywa

Yafaa tuanze na lugha yenyewe, maana imetuhifadhia tofauti ambayo wengi wanaozungumzia jambo hili huisahau. Kutokana na kitenzi *chapa* tunapata *mchapaji*, yaani mwenye mtambo, atiaye wino katika karatasi. Kutokana na kitenzi *chapisha*, chenye kiambishi cha kusababisha, tunapata *mchapishaji*, yaani yule asababishaye kazi ya uchapaji ifanyike. Huyu wa pili ndiye ausomaye mswada, akaukubali au akaukataa. Ndiye agharimiaye uhariri, atafutaye soko, na amlipaye mwandishi mrabaha wake. Aghalabu mchapishaji hana hata mtambo mmoja.

Sasa tujiulize: chombo cha kielektroni kinamwondoa nani kati ya hao wawili? Jibu ni kwamba kinamwondoa mchapaji, na pamoja naye bohari na lori. Hakimwondoi mchapishaji, kwa kuwa mswada usiohaririwa utabaki mswada usiohaririwa hata ukisomwa kwenye kioo. Hata hivyo, wakati kinapomwondoa mchapaji, kinamleta mtu wa tatu ambaye hakuwapo zamani: mwenye duka la kielektroni, ambaye vitabu vyote vinapitia kwake na ambaye peke yake ndiye ajuaye ni nakala ngapi zimeuzwa, kwa nani, na saa ngapi.

Mkulima wa Mitunguu hahitaji kuelezwa kwa kirefu uzito wa jambo hili. Kwa muda mrefu wakulima wa ndizi wa Meru wameuza mkungu kwa kukadiriwa kwa macho, na mabroka ndio waliokuwa na macho yaliyokubalika. Ndiyo maana dai la kuuza kwa kilo limekuwa dai kubwa la wakulima hao. Lakini mizani nayo haimfai mkulima ikiwa anayeishika na kuisoma ni mnunuzi peke yake. Mwandishi wa Kiswahili yumo katika hali hiyo hiyo. Hupokea taarifa ya mrabaha mara moja au mbili kwa mwaka, ikiwa itamfikia, na hana njia ya kuhakiki idadi iliyoandikwa humo. Kitabu-pepe kinaleta mizani kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kila nakala inayouzwa huacha alama. Swali linalotuhusu ni nani atakayeishika mizani hiyo.

3. Namna kitabu kinavyofika Mitunguu

Uchapishaji wa Afrika Mashariki ulizaliwa shuleni na haujatoka shuleni. East African Literature Bureau, iliyoundwa na serikali za kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940, ilikuwa na jukumu la kuwapatia wenyeji vitabu vya elimu na vya kujisomea. Baada ya uhuru, Jomo Kenyatta Foundation ilianzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya vitabu vya shule. Na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, ile ofisi ya zamani ikageuzwa upande wa Kenya kuwa Kenya Literature Bureau kwa sheria ya mwaka 1980. Makampuni ya kibinafsi nayo yakafuata soko hilo hilo. Henry Chakava, aliyeiongoza Heinemann ya Nairobi hadi ikawa mali ya wenyeji kwa jina la East African Educational Publishers mwaka 1992, na aliyefariki mwaka 2024, aliandika mengi kuonyesha jinsi kitabu cha shule kinavyombebea mchapishaji wa Kiafrika gharama za fasihi.

Kwa hiyo riwaya ya Kiswahili nchini Kenya ina mlango mmoja mpana, nao ni kuteuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa. *Siku Njema* (1996) na *Kidagaa Kimemwozea* (2012) za Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, zilifika hadi shule za vijijini kwa mlango huo. Kitabu teule huuzwa kwa maelfu mengi kwa miaka michache, kisha huteuliwa kingine, na kile cha kwanza hurudi katika giza hata kama kilipendwa. Mkazi wa Mitunguu anayetaka riwaya isiyotahiniwa hana budi kuifuata Meru mjini au Nairobi, au aombe bahati katika maktaba ya umma kama ile ya Mikumbune.

Mlango huo nao umezidi kubanwa kwa hatua mbili ambazo hazina uhusiano wowote na vyombo vya kielektroni. Ya kwanza ni Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013, iliyokitoza kitabu kodi ya asilimia 16. Ya pili ni mabadiliko ya ununuzi wa vitabu vya kiada. Tangu kuanza kwa elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, shule zilikuwa zikichagua vitabu kutoka orodha iliyoidhinishwa na kuvinunua katika maduka. Kuanzia mwaka 2018 serikali ikaanza kununua yenyewe kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni moja kwa moja, vikiwa vimepigwa chapa kwamba si vya kuuzwa.

Hatusemi kwamba mpango huo haukuwa na manufaa. Mtoto aliyekuwa akichangia kitabu kimoja na wenzake wanne alipata chake, na hilo si jambo dogo. Lakini mwenye duka la vitabu katika mji mdogo, ambaye mauzo ya Januari ndiyo yaliyomlipia kodi ya nyumba mwaka mzima na kumwezesha kuweka riwaya mbili tatu rafuni, alinyang'anywa biashara yake. Duka kama lile hubaki kuuza madaftari, kalamu na bahasha, na kutoa fotokopi. Anayetafuta kilichoua duka la vitabu katika mji wa soko basi asikitafute katika Kindle.

4. Vishikwambi, Kindle na simu

Tuvitazame sasa vyombo vyenyewe, kwa kuwa tumekwisha kuwa na mifano ya kutosha ya kupima utabiri.

Kindle ya kampuni ya Amazon ilitoka Marekani mwaka 2007. Mauzo ya vitabu-pepe huko yaliongezeka haraka kwa miaka michache, wengi wakatabiri kifo cha karatasi. Kisha ongezeko likatulia, na vitabu vya karatasi vikabaki na sehemu kubwa zaidi ya soko. Katika Afrika, shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilipeleka vyombo hivyo Ghana na baadaye Kenya, katika shule na maktaba za umma, na likashirikiana na wachapishaji wa huku kuvigeuza vitabu vyao. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini jambo la kuzingatia ni kwamba shirika lenyewe halikuchelewa kuigeukia simu, kwa kuwa liliona kwamba msomaji wa Kiafrika tayari anacho chombo, nacho hakikuletwa na mfadhili.

Mfano wa pili ni wa serikali yenyewe. Ahadi ya uchaguzi wa mwaka 2013 ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza tarakilishi ilizaa mpango ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, na vishikwambi zaidi ya milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Ikiwa idadi ya vyombo ingetosha kuugeuza uchapishaji, basi uchapishaji wa Kenya ungegeuka kuanzia hapo. Haukugeuka. Mwaka 2018, miaka miwili tu baada ya vishikwambi, serikali iyo hiyo ilikuwa ikinunua vitabu vya karatasi kwa mamilioni. Chombo kilikuja kwa bajeti moja na kitabu kwa bajeti nyingine, na hapana aliyekuwa amemwuliza mchapishaji angelipwaje kwa kitabu kitakachosomwa na watoto ishirini katika kishikwambi kimoja.

Mfano wa tatu haukupangwa na mtu yeyote, nao ndio wenye nguvu kuliko yote. Tangu mwaka 2007 M-Pesa imemzoesha mkazi wa Mitunguu kulipa na kulipwa kwa simu, hata kiasi kidogo cha shilingi ishirini. Yaani kile ambacho wachapishaji wa nchi tajiri walikitafuta kwa muda mrefu, njia rahisi ya kukusanya malipo madogo kutoka kwa watu wengi, sisi tulikuwa nacho kabla hatujawa na vitabu-pepe vya kuuza. Ni ajabu kwamba pengo hilo halijazibwa kikamilifu. Badala yake limejazwa na nakala za wizi: kitabu hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kikatumwa katika makundi ya WhatsApp, na mwandishi asipate hata senti. Wizi huo ni kosa, lakini kwa mhakiki ni ushahidi pia. Unathibitisha kwamba wasomaji wapo, simu inatosha kusomea, na kinachokosekana ni muuzaji halali.

5. Kumiliki na kuruhusiwa

Hapa pana jambo ambalo wasifiaji wa kitabu-pepe hulipita haraka. Kitabu cha karatasi kikinunuliwa huwa ni mali. Katika familia nyingi za Meru, kama kwingineko, kitabu huandikwa jina la mtoto wa kwanza, likakatwa, likaandikwa la wa pili, na la wa tatu. Kisha huuzwa kwa nusu ya bei au huazimwa jirani. Mchapishaji hulalamikia nakala hiyo inayozunguka, lakini mzunguko huo ndio uliowajenga wasomaji. Kitabu-pepe kwa kawaida hakiuzwi; kinachouzwa ni ruhusa ya kukisoma, kwa masharti ya mwenye duka.

Ushahidi upo. Mwezi wa Julai 2009 kampuni ya Amazon, baada ya kugundua kwamba muuzaji mmoja hakuwa na haki za vitabu alivyoviweka dukani, ilivifuta kutoka katika vyombo vya watu waliokwisha kuvilipia, ikawarudishia fedha zao. Vitabu vyenyewe vilikuwa *1984* na *Animal Farm* vya George Orwell. Hiki cha pili wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, *Shamba la Wanyama*, iliyotolewa na East African Publishing House mwaka 1967. Kampuni hiyo ya Nairobi ilikufa zamani, lakini anayeihifadhi nakala ya *Shamba la Wanyama* ya mwaka ule bado anayo, na hapana awezaye kuingia kabatini mwake usiku akaichukua.

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akisomea shahada ya pili ng'ambo, aliona katika maktaba ya chuo wanafunzi wakisubiri zamu zao kusoma kitabu-pepe kimoja, kwa sababu maktaba ilikuwa imelipia ruhusa ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Kitabu kisicho na karatasi, ambacho kingeweza kusomwa na watu elfu kwa dakika hiyo hiyo, kilikuwa kimefanywa kwa makusudi kuwa adimu kama cha karatasi. Uadimu huo ulitoka katika mkataba tu. Maktaba za kaunti zetu, ambazo bajeti zake ni ndogo, zitakapoanza kununua vitabu-pepe kwa wingi, mkataba wa namna hiyo utaziumiza kuliko bei ya karatasi.

Haki itendeke, lakini. Mgala muue na haki yake umpe. Lipo kundi la wasomaji ambalo kitabu-pepe kwake ni ukombozi usio na shaka. Barabarani, kusini mwa Nkubu, iko shule ya wasioona ya St. Lucy, Igoji. Riwaya ya kawaida ikiandikwa kwa nukta za Braille huwa majuzuu kadhaa makubwa, mazito kubeba na ghali kuchapa. Nayo hupungua kusomeka kadiri vidole vinavyozipapasa nukta. Faili iliyotengenezwa vizuri husomwa kwa sauti na chombo, au hugeuzwa Braille papo hapo. Kampuni ya eKitabu ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2012, imefanya kazi kubwa katika upande huu, na Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao unaruhusu nakala za namna hiyo kutengenezwa bila kuvunja hakimiliki. Kama teknolojia hii isingefanya jambo jingine lolote, hilo peke yake lingetosha kutukataza kuibeza.

6. Kitakachoandikwa

Mhakiki wa fasihi hatatosheka na hesabu za biashara. Anataka kujua chombo kitaifanya nini fasihi yenyewe.

La kwanza tunaliona tayari, nalo si la kufurahisha. Kinachosomwa zaidi katika simu na wanafunzi wetu si tamthilia wala riwaya bali ni *mwongozo* wake. Mwongozo humpa mwanafunzi dhamira, wahusika na mbinu za lugha katika orodha zilizopangwa tayari kumridhisha mtahini, na simu humwezesha kuitafuta orodha hiyo kwa neno moja bila kuupitia mtiririko wa kazi. Mwanafunzi wa namna hiyo aweza kukuorodheshea sifa sita za mhusika ambaye hajamsikia akisema. Simu haikuuzaa ugonjwa huu, maana chanzo chake ni mtihani, lakini imeupa mbio. Tusishangae: soko lililojengwa juu ya mtihani litaukabidhi mtihani kila chombo kipya.

La pili lina matumaini zaidi. Wako wasemao kwamba Mwafrika hanunui fasihi nje ya shule. Historia ya ng'ambo ya mpaka inawakanusha. Nchini Tanzania *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965), *Kikosi cha Kisasi* cha Elvis Musiba (1979) na riwaya za Ben Mtobwa zilipata wasomaji wengi ambao hawakutumwa na mwalimu. Na baadaye hadithi za Eric Shigongo ziliuza magazeti kwa kutolewa sehemu kwa sehemu. Wahakiki wa chuo kikuu walizidharau nyingi kati ya kazi hizo, lakini zilithibitisha jambo ambalo Kenya haijalitumia: msomaji wa Kiswahili hununua kitu kifupi, cha bei ndogo, kinachomwacha na hamu ya kesho. Umbo hilo linalingana sawasawa na simu na malipo madogo. Mwuza ndizi anayesubiri lori ana nusu saa ya kusoma na shilingi ishirini katika simu yake. Hana shilingi mia saba wala wasaa wa riwaya nzima.

La tatu linahusu lugha. Mtambo wa karatasi hudai idadi kubwa ya nakala ili gharama irudi, na kwa hiyo huzibagua lugha zenye wasomaji wachache. Kitabu-pepe hakidai hivyo. Hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu namna binadamu alivyoanza kutembea wima, iliyoandikwa kwa Kigikuyu na kutolewa bila malipo na kikundi cha Jalada mwaka 2016, ilitafsiriwa kwanza katika lugha zaidi ya thelathini, Kiswahili kikiwamo, na baadaye idadi ikapita sitini. Hapana mchapishaji wa karatasi ambaye angethubutu kufanya hivyo. Mpango wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, nao umetoa hadithi za watoto katika lugha nyingi za Kiafrika, mtu yeyote akiruhusiwa kuzichapa na kuzitafsiri. Mtoto wa Mitunguu, ambaye nyumbani huongea Kimeru na shuleni hukutana na Kiswahili na Kiingereza, kwa mara ya kwanza anaweza kutazamia kusoma kwa lugha zote tatu. Lakini tukumbuke kwamba mifano hii miwili ni ya vitu vya bure. Kazi ya bure huhitaji mfadhili, na lugha isiyoweza kumlipa mwandishi wake hubaki mgeni katika nyumba ya mwingine.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba chombo cha kielektroni kinamwondoa mchapaji, hakimwondoi mchapishaji, na kinamleta mwenye mizani. Tumeonyesha pia kwamba mapigo makubwa yaliyokipata kitabu katika miji kama Mitunguu yametokana na kodi na sera ya ununuzi, na kwamba chombo kitakachosomewa huko ni simu iliyopo mfukoni.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo manne. Wachapishaji wetu, kupitia chama chao, wajenge duka lao wenyewe la vitabu-pepe vya Kiswahili, lenye kulipiwa kwa simu, badala ya kungoja mlango wa Amazon. Mikataba ya waandishi itaje waziwazi mrabaha wa kitabu-pepe, ambao haupaswi kulingana na ule wa karatasi, kwa kuwa gharama ya uchapaji na usafirishaji imeondoka. Na mwandishi awe na haki ya kuiona hesabu ya mauzo mwenyewe, wakati wowote, katika simu yake. Maktaba za umma zinunue nakala kwa masharti yanayoziruhusu kuziazima bila mwisho, kama zilivyoazima vitabu vya karatasi. Na vyama vya waandishi vidai kodi ya mwaka 2013 iondolewe katika vitabu vya aina zote, kwani hapana taifa lililojenga usomaji kwa kuutoza ushuru.

Yasipofanywa hayo, kitabu-pepe kitafika Mitunguu kama vilivyofika vitu vingine vingi kabla yake: kwa lugha ya wengine, kwa bei ya wengine, na kwa hesabu ambayo mwenye shamba haruhusiwi kuisoma.